Kipimo cha MYCN kwa mtoto mwenye nyuroblastoma: nani akilipie, na kinaharibikia wapi

Daktari akishataja nyuroblastoma, saratani ya watoto inayotokana na seli changa za neva, swali la pesa halichelewi. Kuna bayopsi, kuna skani, kuna uboho, kisha inakuja karatasi ya kipimo cha jeni ambacho mara nyingi hakifanyiki katika jengo alimolazwa mtoto, na pengine sampuli italazimika kuvuka mpaka. Ndugu wanapigiana simu, ng'ombe anatafutiwa mnunuzi, na kila mmoja anauliza: hicho kipimo kitamsaidia nini mtoto? Tunakipitia hapa kama huduma nyingine yoyote inayolipiwa: kinajibu nini, jibu lake linabadili nini katika matibabu, na kinaharibikia wapi kabla hata hakijafika maabara.

Hukumu kwanza. Kati ya vipimo vya jeni vinavyotolewa kwa saratani hii, upimaji wa jeni ya MYCN kwa njia ya FISH, yaani kuhesabu nakala za jeni kwa nukta zinazong'aa ndani ya kiini cha seli, ndio tunaoupendekeza bila kusita, lakini si kwa kila mtoto. Kuna mtoto ambaye jibu lake litaamua kama apewe dawa kali au aangaliwe tu, na kuna mtoto ambaye jibu lake halitabadili hata dozi moja. Na thamani ya kipimo chenyewe huamuliwa katika saa ya kwanza baada ya bayopsi, ndani ya chupa ya fomalini.

Kabla ya jeni, uhakika wa jina la ugonjwa

Nyuroblastoma huanzia kwenye seli changa za neva za simpathetiki, zile ambazo mtoto akiwa tumboni mwa mama zilipaswa kuwa sehemu ya ndani ya tezi ya adrenali, juu ya figo, na vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo. Ndiyo sababu uvimbe huonekana zaidi tumboni, na baada ya hapo kifuani, shingoni au kwenye nyonga. Umri wa kati wa watoto wanaogunduliwa ni karibu miezi 18, na 9 kati ya 10 huwa hawajatimiza miaka 5.

Uganda ina historia ndefu na uvimbe wa watoto. Daktari Denis Burkitt alieleza limfoma (saratani ya seli za limfu) inayobeba jina lake akiwa Mulago, mwaka 1958, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 ikiwa kituo cha kutibu limfoma. Uzoefu huo ni hazina, na hospitali kama Lacor kule Gulu imeutumia kwa miaka mingi. Lakini una hatari yake: tumbo la mtoto likivimba, Burkitt ndilo jina la kwanza linalokuja mdomoni. Chini ya hadubini magonjwa haya mawili yanaweza kufanana, seli ndogo za mviringo zenye rangi ya buluu. Majina ya jeni nayo yanachanganya. Burkitt inaendeshwa na MYC, iliyoko kwenye kromosomu ya 8. Nyuroblastoma inaangaliwa kwa MYCN, iliyoko kwenye kromosomu ya 2, mahali panapoitwa 2p24. Herufi moja tu inazitenganisha, na fomu iliyojazwa kwa haraka inaweza kuagiza kipimo kisichohusika. Ripoti inayosema MYC ni ya kawaida haijasema lolote kuhusu MYCN. Soma fomu kabla sampuli haijaondoka.

Kwa hiyo usilipie jeni kabla mtaalamu wa tishu hajathibitisha ugonjwa. Rangi za kinga, zile zinazoshika protini za seli ili zionekane kwa hadubini, zinazosaidia zaidi ni PHOX2B, ambayo huwaka ndani ya kiini cha seli za nyuroblastoma, pamoja na sinaptofizini na kromogranini. CD45, alama ya seli nyeupe za damu, inapaswa kuwa hasi. Ikiwa chanya, rudi kwenye limfoma au leukemia. Skani ya CT nayo hutoa ushahidi mzuri. Nyuroblastoma husukuma figo, huzingira mishipa mikubwa ya damu, huvuka mstari wa katikati ya tumbo, na mara nyingi huwa na vipande vya chokaa ndani yake. Uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, hutokea ndani ya figo yenyewe, huiharibu umbo, na chokaa si jambo la kawaida kwake. Mtoto mwenye weusi kuzunguka macho na jicho linalotokeza si lazima awe amepigwa au awe na saratani ya jicho; nyuroblastoma iliyoenea kwenye mifupa ya jicho huonekana hivyo hivyo. Na katika nchi yenye seli mundu nyingi kama yetu, mtoto asiyetaka kutembea kwa maumivu ya mifupa, mwenye damu pungufu na homa zisizoisha, hutibiwa malaria na seli mundu mara kadhaa kabla mkono wa mtu haujagusa uvimbe ulio tumboni. Kipimo cha seli mundu kikirudi hasi na maumivu yakaendelea, fanya ultrasaundi ya tumbo. Ni ya bei nafuu kuliko mengi tunayoyataja hapa.

MYCN inafanya nini

Kila seli ya kawaida ina nakala 2 za jeni ya MYCN. Katika karibu nyuroblastoma 1 kati ya 5, jeni hii imejirudufu ndani ya seli za uvimbe mpaka nakala zinafika makumi, hata mamia. Protini yake huamuru seli zigawanyike, nayo ikiwa nyingi kiasi hicho, uvimbe hukua upesi na kusambaa upesi. Jeni hii iligunduliwa mwaka 1983, na kufikia mwaka 1985 ilikwisha kuonekana kwamba watoto wenye nakala nyingi hurudiwa na ugonjwa mapema zaidi, hata pale ambapo hatua ya ugonjwa inafanana. Tangu wakati huo hakuna alama nyingine ya jeni katika saratani hii iliyoipiku kwa uzito katika maamuzi ya hospitali.

Lakini haifanyi kazi peke yake. Mfumo wa kimataifa wa kupanga hatari ya ugonjwa huu, INRG, hutazama umri, hatua, sura ya seli, MYCN, mkono mrefu wa kromosomu ya 11 na idadi ya kromosomu. Hatua ziko nne. L1 ni uvimbe uliobaki sehemu moja ya mwili bila kuzingira viungo au mishipa muhimu. L2 haujasambaa mbali, ila umezingira au kubana kitu kinachofanya upasuaji uwe wa hatari. M ni ugonjwa uliosambaa. MS ni wa pekee: mtoto chini ya miezi 18, ugonjwa umefika kwenye ini, ngozi au uboho tu, na seli za saratani katika uboho hazifiki asilimia 10.

Mpaka wa miezi 18 si wa kubahatisha. Ni siku 547, na timu makini huhesabu kwa siku. Hapa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwa makisio inaleta madhara ya kweli. Kadi ya chanjo ije hospitalini na mtoto, na kama haipo, muulizeni bibi au shangazi aliyekuwepo siku ya uzazi, si baba aliyekuwa safarini.

Nani akilipie

Mtoto chini ya miezi 18 mwenye hatua M. Huyu ndiye wa kwanza kwenye foleni. Bila nakala nyingi za MYCN, wengi wa watoto hawa hupona kwa dawa za kiwango cha kati. Zikiwepo, anahamia kundi la hatari kubwa na mpango wote unabadilika. Hakuna njia ya kukisia jibu kwa kumtazama.

Mtoto wa MS. Tumbo limejaa ini, ngozini kuna vinundu vya rangi ya buluu, na bado wengi wao uvimbe husinyaa wenyewe, jambo ambalo ni nadra mno katika saratani. Lakini MS yenye MYCN nyingi haisinyai hivyo. Inatibiwa kama hatari kubwa. Kipimo hiki ndicho kinachompa daktari ujasiri wa kuacha kutibu. Angalizo moja: mtoto wa chini ya miezi 2 ambaye ini lake linakua kasi anaweza kushindwa kupumua ndani ya siku chache. Huyo hapewi muda wa kungoja majibu. Dawa zianze, sampuli iende.

Mtoto wa L1 au L2, umri wowote. Uvimbe wa L1 usio na MYCN nyingi, uliotolewa wote, kwa kawaida hauhitaji dawa yoyote ya kemikali. Ukiwa na MYCN nyingi, INRG inauweka kwenye hatari kubwa hata kama ulikuwa mdogo na daktari wa upasuaji amerudi na tabasamu. Kwa L2 bila MYCN nyingi, ndipo kromosomu ya 11 na sura ya seli zinapoanza kusaidia.

Na mtoto wa zaidi ya miezi 18 mwenye hatua M? Hapa tunasema jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Huyu tayari yuko hatari kubwa, MYCN iwe nyingi au isiwe. Jibu litaingia kwenye faili, litaeleza tabia ya ugonjwa, lakini halitamhamisha kundi. Watoto wengi wanaofika wakiwa wamechelewa ni wa namna hii. Ikiwa familia ina fedha za jambo moja tu, zisiende kwenye kipimo; ziende kwenye nauli ya kurudi kila mzunguko wa dawa, malazi karibu na hospitali, damu na chakula. Matibabu yaliyokatika katikati humuumiza mtoto kuliko kukosa ripoti ya MYCN. Mwongozo wa kamati ya SIOP, jumuiya ya kimataifa ya saratani za watoto, kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, uliotoka mwaka 2015, uliandikwa kwa kujua kwamba si kila mahali jeni hupimwa, na unaruhusu kupanga hatari kwa umri, hatua na vipimo vya kawaida vya damu kama LDH. Daktari anayeufuata hajamdhulumu mtoto.

Sampuli: hapa ndipo fedha hupotea

Maabara ya mbali ikiandika kwamba tishu haikufaa, kosa mara nyingi lilitokea kabla bloku, yaani tishu iliyogandishwa ndani ya parafini, haijafungwa kwenye bahasha. Tunalieleza kwa kirefu kwa sababu wauguzi na mafundi wa maabara ndio wanaoweza kulizuia.

Bayopsi iwe ya kutosha. Upasuaji mdogo unaotoa kipande cha karibu sentimita 1 kila upande ni bora. Sindano nene inaweza kufaa ikichota vipande kadhaa kutoka sehemu tofauti. Sindano nyembamba peke yake hutoa seli za kutambua ugonjwa, lakini haitoshi kusoma sura ya uvimbe. Epuka katikati ya uvimbe mkubwa, kwani mara nyingi pamekufa. Na sehemu mbili ni bora kuliko moja, kwa kuwa MYCN inaweza kuwa nyingi upande mmoja wa uvimbe na ya kawaida upande wa pili.

Tishu ikiwa bado mbichi, kabla ya fomalini, gusisha kipande kwenye kioo cha hadubini kwa upole, bila kusugua. Tengeneza vioo 5 hadi 10, viache vikauke hewani, viandike kwa penseli. Kazi hii ni ya dakika chache na haigharimu chochote. Vioo hivi ni sampuli nzuri kuliko zote kwa FISH, kwa sababu viini viko vizima, havijakatwa na kisu. Tunashangaa jinsi hatua hii inavyorukwa. Ikiwa fomalini itaharibu bloku, vioo hivi ndivyo vitakavyookoa kipimo.

Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa. Kuitengeneza kwa lita moja: mililita 100 za fomaldehidi ya dukani ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya hidrojeni mbili na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti ya hidrojeni moja isiyo na maji. Chumvi hizo mbili ndizo zinazoachwa mara nyingi ili kubana matumizi. Bila hizo, fomalini hugeuka asidi polepole, na asidi hukatakata DNA. Bloku itaonekana nzuri kwa rangi za kawaida, mtaalamu ataisoma bila shida, kisha FISH itashindwa kuwaka.

Ujazo uwe mara 10 hadi 20 ya tishu. Kipande kikubwa kisitupwe kizima kwenye kichupa, maana dawa huingia taratibu kutoka nje. Matokeo ni kama muchomo ulioungua juu na ndani bado mbichi. Kata vipande vya unene usiozidi milimita 5. Saa 24 zinatosha. Chini ya saa 6 haijakaa, na zaidi ya saa 72 DNA inaanza kuharibika. Bayopsi ya Ijumaa jioni inayongoja mpaka Jumatatu mchana imeukaribia mpaka huo, na wikendi yenye sikukuu inauvuka. Upasuaji ukiweza kupangwa, upangwe Jumatatu hadi Jumatano.

Mfupa ni mtego mwingine. Kipande cha uboho kutoka nyonga hulainishwa kwa asidi ili kikatike, na asidi hiyo huua DNA. Usitume bloku ya namna hiyo kwa FISH. Kama uboho ndio tishu pekee iliyopo, tuma vioo vya uboho uliovutwa kwa sindano, vilivyokaushwa hewani, mradi vina seli za saratani za kutosha. Kwa kutafuta usambaaji wenyewe, uboho huchukuliwa pande zote mbili za nyonga, wa kuvuta na wa kukata, na kipande kiwe na angalau sentimita 1 ya uboho halisi. Upande mmoja hautoshi, kwani saratani hii hukaa kwa mafungu.

Kusafirisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Bloku ya parafini haihitaji barafu. Adui yake ni joto: parafini huyeyuka kuanzia nyuzi 56 hivi, na gari lililofungwa madirisha juani linaweza kuilainisha. Omba vioo visivyopakwa rangi, 6 hadi 10, vya unene wa mikroni 4, kwenye vioo vyenye chaji, pamoja na kioo kimoja kilichopakwa rangi kuonyesha uvimbe uko wapi. Bloku yenyewe ibaki hospitalini kila inapowezekana. Ikilazimu kwenda, iandikwe namba na ahadi ya kurudishwa, kwa sababu ugonjwa ukirudi baadaye huenda mtu akahitaji kuipima upya. Barua ya hospitali na karatasi za kuruhusu sampuli kuvuka mpaka zishughulikiwe na hospitali, si mjomba mwenye begi.

Kuisoma ripoti

Ripoti nzuri ya FISH ni fupi na ina namba. Itaje viini vingapi vilihesabiwa (tunataka 100 au zaidi), wastani wa nukta za MYCN kwa kila kiini, na wastani wa nukta za rejea kwenye kromosomu hiyo hiyo ya 2. Nukta za MYCN zikizidi mara 4 ya zile za rejea, hapo ndipo neno ongezeko kubwa la nakala linastahili. Zikizidi rejea bila kuvuka mara 4, hilo ni ongezeko dogo, na si sababu ya kumweka mtoto hatari kubwa. Kosa la kuchanganya mambo haya mawili ni la gharama kwa pande zote: mtoto wa miezi 8 anaweza kupewa dawa kali asizozihitaji. Ripoti isiyotaja nukta za rejea irudishwe kwa maswali. Uvimbe wenye nakala 4 za MYCN na nakala 4 za kromosomu ya 2 hauna ongezeko lolote. Una kromosomu nyingi tu.

Na kuwa na kromosomu nyingi, kwa mtoto mchanga, ni habari njema. Uvimbe wenye karibu seti 3 za kromosomu nzima kwa mtoto wa chini ya miezi 18 huitika vizuri kwa dawa. Kinachotia wasiwasi ni vipande vilivyokatika: kupotea kwa kipande cha 1p au 11q, kuongezeka kwa 17q (namba ni ya kromosomu, p ni mkono wake mfupi, q ni mrefu). Kupotea kwa 11q kwa kawaida hakuambatani na MYCN nyingi. Ni njia ya pili ya ugonjwa kuwa mbaya, mara nyingi kwa watoto wakubwa kidogo. Kuzipima zote kwa pamoja kunahitaji kipimo cha kromosomu nzima na tishu yenye asilimia 60 au zaidi ya seli za uvimbe. Kwa L2 na MS zisizo na MYCN nyingi, tunakipa kipimo hicho nafasi ya pili baada ya FISH. Kwa wengine, hapana.

Paneli kubwa za jeni mamia ndizo tusizozipendekeza kama ununuzi wa kwanza. Nyingi zimetengenezwa kusoma makosa ya herufi ndani ya jeni. MYCN iliyojirudufu haina kosa la herufi, ina wingi. Paneli isiyoripoti idadi ya nakala inaweza kurudi safi huku uvimbe una nakala 200. Uliza swali hilo moja kabla ya kulipa: je, mnaripoti idadi ya nakala? Paneli ina faida kwa jeni ya ALK, ambayo huwa na kosa katika karibu uvimbe 1 kati ya 10, kwa kuwa zipo dawa za vidonge zinazoilenga. Lakini kama dawa hizo hazifikiki kwa familia, jibu halina pa kwenda.

Kuhusu matarajio, takwimu zinazosambaa mtandaoni ni za nchi tajiri: zaidi ya 95 kati ya 100 kwa hatari ndogo, karibu hivyo kwa hatari ya kati, na takriban nusu kwa hatari kubwa. Nusu hiyo ilipatikana kwa mlolongo wa dawa, upasuaji, dozi kali pamoja na kurudishiwa seli mama, mionzi, kingamwili dhidi ya GD2 (molekuli iliyo juu ya seli za uvimbe) na dawa ya isotretinoini. Mtoto anayepata sehemu tu ya mlolongo huo hawezi kusomewa namba hiyo. Ila namba za hatari ndogo na ya kati zinategemea upasuaji mzuri na dawa za kawaida kama kaboplatini na etoposidi. Ndiyo maana tunasisitiza kumtambua mtoto wa makundi hayo: ndiye ambaye hospitali zetu zinaweza kumponya kabisa.

Neno kuhusu dawa moja, kwa wasomaji wa West Nile hasa. Eflonithini, dawa iliyotibu malale kwenye wilaya za kaskazini-magharibi, ilikubaliwa Marekani Desemba 2023 kwa watoto wa nyuroblastoma ya hatari kubwa waliokwisha kuitikia matibabu yote, kupunguza uwezekano wa kurudiwa. Inazuia kimeng'enya ambacho MYCN hukiamuru kiongezeke. Ni ya vidonge katika matumizi haya, haina nafasi kabla ya matibabu makuu, na dozi ya malale si dozi yake.

Mkojo

VMA na HVA, mabaki ya kemikali ambazo seli za uvimbe hutengeneza, hupanda kwenye mkojo kwa karibu watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu, na kipimo ni kizuri kwa bei yake. Hakihitaji mkojo wa saa 24. Mililita 10 za mara moja zinatosha, mradi matokeo yagawanywe kwa kreatinini. Kusanya kwenye kikombe au mfuko safi kisha mimina kwenye chupa ya maabara yenye asidi, usimwekee mtoto chupa hiyo moja kwa moja, itamchoma. Funika kwa karatasi ya fedha na uweke kwenye kisanduku cha barafu. Lipia VMA na HVA zote mbili. Hakikisha viwango vya kulinganishia ni vya umri wa mtoto: mtoto mchanga ana uwiano mkubwa kiasili, na ukimpima kwa kipimo cha mtu mzima kila mtoto ataonekana mgonjwa. Usiwapime watoto wazima kwa kuogopa. Japani iliwapima watoto wachanga wa nchi nzima kuanzia miaka ya 1980, ikaacha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu iligundua uvimbe mwingi ambao ungetoweka wenyewe.

Kipimo cha damu kwa familia

Mabadiliko ya MYCN yamo ndani ya uvimbe tu. Hayakutoka kwa mama, wala kwa ukoo wa baba, na hakuna aliyeyaleta kwa laana. Hili lisemwe mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwa sauti, kabla maneno hayajaanza nyumbani.

Ni asilimia 1 hadi 2 tu ya watoto wenye nyuroblastoma ya kurithi, na wengi wa hao wana kosa la ALK. Wachache wana PHOX2B. Kipimo chao ni cha damu, mililita 2 hadi 3 kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, na kina maana katika hali chache: kuna ndugu wa karibu aliyewahi kuugua, uvimbe uko kwenye adrenali zote mbili au sehemu nyingi tangu mwanzo, au mtoto pia ana ugonjwa wa Hirschsprung (sehemu ya utumbo haina neva, choo hakipiti vizuri) au hupumua kwa shida akilala. Kosa likipatikana, kila mtoto wa mzazi aliyelibeba ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi, ingawa si kila anayelirithi huugua. Wanaolibeba hufuatiliwa kwa ultrasaundi ya tumbo, eksirei ya kifua na mkojo kila miezi 3 mpaka miaka 6, halafu kila miezi 6 mpaka miaka 10. Vitatu hivyo vinaweza kupangwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, bila kwenda Kampala kila mara, maadamu chupa za mkojo zinatumwa zikiwa baridi. Familia isiyo na hata moja ya dalili hizo haina sababu ya kulipia kipimo hiki kwa ndugu za mtoto.